Mgonjwa Akisema Hataki

Mama wa mpenzi wangu alishasema, tena mbele ya shangazi wawili na chai ikiwa mezani, kwamba nesi hataingia nyumba ile kama mke maadamu yeye bado anapumua. Hakusema mwizi, hakusema mlevi. Nesi! Nililia siku ile mpaka macho yakavimba, kisha nikanawa uso nikaenda wodini, ambako bado nilikuwa msaidizi tu kwa kukosa leseni.

Basi fikiria nilivyojisikia Jumamosi ile niliposimama mlangoni kwa mwanamke huyohuyo, mashuka kwapani na boksi la glavu mkononi. Mtihani wangu wa vitendo ulikuwa Jumatatu. Na wazo la kwenda kufanya mazoezi pale halikuwa langu, lilikuwa la mwanawe.

"Kitanda kipo, mgonjwa yupo," aliniambia. "Wewe unahangaika kugeuza mito kama wagonjwa ya nini?"

"Mama yako hanitaki."

"Hakutaki uwe mkwe. Hajasema hakutaki uwe nesi."

"Amesema hasa kwamba hataki nesi!"

Akacheka. Kicheko chake ndicho kilichoniponza tangu mwanzo, na siku ile pia kiliniponza.

Yeye ni fundi makochi. Tulijuana alipokuja hospitali kuvalisha upya mabenchi ya mapokezi. Kila alipomaliza benchi alikuwa ananiita, mimi tu, katika watu wote waliokuwa wanapitapita pale. "Sista, hebu kaa hapa. Uniambie kama panauma." Nikawa nakaa, namwambia hapa pagumu, hapa sawa, naye anapiga magoti anarekebisha. Jamani, katika maisha yangu yote hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza kama mahali nilipokaa panauma. Kabla mabenchi hayajaisha nilikuwa nimekwisha, sina hali.

Alinifungulia mlango mwenyewe siku hiyo. Vipande vya sponji vilikuwa vimemganda kwenye nywele kama kawaida yake. Tukatazamana. Mkono wangu ukainuka wenyewe kumtoa kipande kimoja juu ya sikio, akaudaka katikati ya safari, akaushika muda mrefu kidogo kuliko inavyompasa mtu anayezuia mkono.

"Mama ana masikio," akanong'ona.

"Nayo yanafanya kazi vizuri," ikatoka sauti chumbani. "Aingie!"

Mama yake alikuwa amelala chali, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, macho makali. Miezi michache nyuma alipanda stuli kutundika mapazia, stuli ikateleza, nyonga ikavunjika. Hospitali walimtengeneza wakamrudisha nyumbani alale mpaka mfupa ushike. Mtu anayelala hivyo lazima ageuzwegeuzwe, la sivyo ngozi inaoza kwa kulaliwa. Kazi hiyo aliifanya mwanawe, na siku hiyo ndiyo nilimwona akiifanya kwa mara ya kwanza.

"Ngoja nimgeuze kabla sijarudi kazini," alisema, ananiambia mimi. Akakunja mikono ya shati, akaingiza mikono chini ya mama yake, akainua, akageuza, akaweka. Kufumba na kufumbua, mama alikuwa ameelekea ukutani. "Umeona? Hata haichukui muda."

Niliona. Niliona pia uso wa mama yake. Alikuwa ameuma meno, anautazama ukuta, kimya. Mwanawe ni mtu mpole, piga ua hatamuumiza mtu kwa kusudi, lakini alimgeuza mama yake kama anavyogeuza kochi la watu watatu ili apigilie misumari chini. Kitu fulani kilinikwama rohoni, nikashindwa kukipa jina.

Akaniaga kwa jicho, akaondoka. Mimi nikabaki nautazama mlango.

"Mlango ule hauna kitu," mama yake akasema, uso bado ukutani. "Uliyemfuata kwa macho ameshafika barabarani. Haya, njoo huku nikuone."

Nikazunguka kitanda. Akanitazama kuanzia viatu mpaka boksi la glavu.

"Bi Glavu," akaniita, na jina hilo likanibaki mpaka leo. "Nasikia mtihani huu ulishaufanya ukafeli."

"Ndiyo, Mama."

"Ulifeli nini? Sindano?"

"Sindano nilipita. Na vidonda nilipita, na presha."

"Sasa? Sema, mficha uchi hazai."

Nikamweleza. Mtihani wa vitendo una vituo, kengele ikilia unahama. Kituo changu cha mwisho kilikuwa kutandika kitanda mgonjwa akiwa ndani yake. Pale wanaweka mtu mzima, amepewa kazi ya kujifanya mgonjwa, na msahihishaji anasimama pembeni. Hatua zote nilizijua usingizini. Nilinawa, nikavuta pazia, nikajitambulisha, nikamwambia mama yule sasa nitakugeuza. Akanijibu, sitaki. Mimi nikasikia kengele kichwani. Nikamwambia, kidogo tu mama, tunamaliza sasa hivi. Nikamgeuza. Kona za shuka nilizikunja zikasimama kama bahasha, najisifu moyoni, ndipo msahihishaji akafunga karatasi zake. "Umemgeuza mtu aliyekataa," akasema. "Nenda nyumbani."

Mama wa fundi akakaza macho.

"Na yule mgonjwa wa uongo alisemaje?"

"Alishuka kitandani akavaa viatu vyake. Akaniambia, siku yako ya kulala nayo itafika, mwanangu."

"Alikuwa na haki."

"Najua, Mama. Na safari hii nikifeli, naanza mafunzo yote upya na wasichana waliomaliza shule juzi."

"Haya. Anza. Mimi ni mgonjwa, na siyo wa uongo."

Nikanawa. Nikavuta pazia la dirisha, nikavaa glavu, nikaweka shuka safi kwenye kiti. Nikasogea mpaka aweze kuniona bila kunyanyua shingo.

"Habari za leo, Mama. Mimi ndiye nitakayekuhudumia. Ninataka kubadilisha mashuka yako bila wewe kushuka kitandani. Nitakugeuza polepole upande huu kwanza, halafu upande ule. Unaniruhusu?"

"Sitaki."

Mikono yangu ilikuwa tayari imeshika shuka. Nikadhani ananijaribu. Halafu nikadhani ananichukia tu, na kwamba ndivyo atakavyonikatalia kila kitu mpaka nizeeke. Hasira ikanipanda kooni. Nikaimeza, nikaliachia shuka.

"Sawa, Mama. Sikugeuzi. Naomba kujua kwa nini."

"Hilo nalo lipo kwenye mtihani wenu?"

"Lipo. Lakini hata lisingekuwepo ningetaka kujua."

Akanionyesha kiti kwa kidevu. Nikaketi juu ya shuka safi.

"Mimi niliolewa nyumba yenye mgonjwa," alisema. "Hawakuniambia. Nguo za harusi hazijakauka kwenye kamba, naambiwa mama mkwe hawezi kusimama, na wewe una mikono mizuri. Nikamuosha, nikamlisha, nikamgeuza mpaka siku aliyoondoka duniani. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Na yeye, maskini, hakuna aliyemuuliza kama anaitaka mikono yangu. Tulichukiana, binti. Wawili tumefungiwa chumba kimoja, tunachukiana kwa kosa lisilo letu. Mume wangu akirudi jioni anauliza, mama kalaje? Mimi nimelalaje, hata siku moja!"

Nikavua glavu, nikanyoosha mkono nikalifungua pazia.

"Sasa mimi nimekaa na kijana huyu miaka yote, habari ya kuoa haimo mdomoni mwake. Nimeanguka, hata plasta haijakauka, anasema anataka kuoa. Kumbe nani? Nesi." Akatikisa kichwa juu ya mto. "Hesabu hiyo haihitaji shule. Mimi sikukukataa wewe, Bi Glavu. Hata sikujui. Nilikataa hicho kiti ulichokalia."

Moyo ulinipasuka paa. Kwa sababu nilikumbuka. Tulikuwa tumependana mwaka na ushei, tunatembea, tunacheka, ananishonea hata kimto cha kukalia kazini. Neno ndoa lilikuja baada ya stuli kuteleza. Na lilikuja hivi, nakumbuka mpaka shati alilovaa: "Tukioana, mama atakuwa kwenye mikono salama." Nikalala na maneno hayo usiku kucha natabasamu kama mjinga. Mikono salama! Nilidhani ni sifa.

"Umenyamaza," mama yake akasema.

"Nafikiri."

"Fikiri. Mimi siku yangu sikupewa nafasi."

Nilikuwa bado nafikiri fundi aliporudi. Tulimsikia akipiga mluzi toka getini, hana hili wala lile. Akaingia na nyundo yake ndogo kiunoni, akatuangalia, akaangalia kitanda.

"Ee! Mbona mashuka ni yale yale? Mmefikia wapi?"

"Mama amekataa," nikasema.

"Ah, mama naye! Hebu ngoja nikusaidie." Ameshaanza kukunja mikono ya shati. "Nikimwinua mimi, wewe unavuta tu kwa huku."

Nikasimama nikamzuia kwa mwili wangu mzima. Tulikuwa karibu mno, nasikia harufu ya gundi na ngozi mpya, harufu ninayoipenda kuliko manukato. Siku hiyo ilinitia uchungu.

"Usimguse. Amesema hataki."

"Mpenzi, ni mazoezi tu."

"Mimi pia nilisema kidogo tu. Nikafeli."

"Sasa hapa kuna msahihishaji?"

"Yupo," mama yake akasema kutoka kitandani, "tena amelala."

Akacheka, akidhani tunataniana. Nilipoona anacheka, uvumilivu ukaniisha.

"Nikuulize kitu. Kama mama asingeanguka, ungenioa?"

Kicheko kikakatika. "Swali gani hilo mbele ya mama?"

"Mbele ya mama ndipo pazuri. Ungenioa?"

"Ningekuoa."

"Lini?"

Akaangalia mikono yake, ile mikono yenye alama za sindano kubwa za kushonea ngozi. Namjua. Angekuwa mwongo angenijibu upesi, na mimi, Mungu anisamehe, ningemwamini.

"Sijui lini," akasema taratibu. "Nilikuwa nakupenda, hilo unalijua. Kuoa nilikuwa naona bado, bado, kuna wakati. Mama akaanguka. Usiku anaita, mchana anaita, kazini wateja wanalalamika. Nikachoka. Nikawa nakutazama wewe unavyojua kila kitu, nikasema moyoni huyu akiwepo nitapumua. Nikachanganya."

"Ulichanganya nini?"

"Mapenzi na uchovu."

Angalau alisema. Lakini kusikia ni kitu kingine. Machozi yalinitoka nikiwa nimesimama wima, nikaanza kukusanya vitu vyangu, boksi la glavu, shuka, lile shuka likanikatalia kukunjika, mimi ninayekunja kona kama bahasha!

"Usiondoke," akasema.

"Tafuta mfanyakazi. Wapo, na wanajua kazi. Mimi nilidhani nimeposwa, kumbe nimeajiriwa."

"Siyo hivyo!"

"Ni hivyo! Uliniuliza benchi la hospitali kama linauma. Benchi! Hili la maisha yangu hukuniuliza, ulinikalisha tu."

Akawa kama aliyepigwa kofi. Nikafika mlangoni.

"Bi Glavu," mama yake akaita. "Rudi ukae. Kitanda changu hakijatandikwa."

"Mama, umesema hutaki."

"Nilikataa wakati ule. Sasa nataka." Akamnyooshea mwanawe kidole. "Lakini atandike huyu. Wewe msahihishe."

Fundi akageuka. "Mimi?"

"Nani mwingine ana mama humu ndani?"

Nikafuta machozi kwa kiganja. Sijui kilichonirudisha, labda ule usahihishaji, maana tangu nifeli nilikuwa na hamu ya kumfelisha mtu. Nikachukua kijiko na glasi ya maji iliyokuwa kando ya kitanda viwe kengele yangu, nikasimama pembeni.

Akaenda moja kwa moja kitandani, mikono mbele. Nikagonga glasi.

"Umefeli. Hukunawa."

Akaenda kunawa. Akarudi, akainama. Nikagonga.

"Umefeli. Pazia."

Akavuta pazia kidogo ling'oke. Akarudi, akaingiza mikono chini ya mama yake. Niligonga mpaka maji yakamwagika.

"Nini tena?"

"Umesema na nani? Huyo ni mtu."

Akasimama pale, mtu mzima na nyundo kiunoni, jasho linamtoka. Mama yake anamtazama tu. Akavuta pumzi.

"Mama, habari za leo. Mimi ni..."

"Wewe najua ni nani, nilikuzaa. Endelea."

"Nataka kubadilisha mashuka. Nitakugeuza upande wa kushoto. Unaniruhusu?"

Sauti iliyomtoka mama haikuwa ile kali.

"Nakuruhusu. Ila anzia kulia. Kushoto panauma."

"Panauma tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mama! Siku zote hizi nakugeuza kushoto. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na haraka, mwanangu."

Akapiga magoti. Aliweka paji la uso kwenye godoro, karibu na mkono wa mama yake, na mabega yake yakatikisika bila sauti. Mama yake akanyoosha mkono, akaanza kumtoa sponji kwenye nywele, kipande kimoja kimoja, anaviweka juu ya blanketi. Mimi nilitazama glasi.

Halafu fundi akainuka akaifanya kazi ile. Alimgeuza kulia, polepole, anamwambia sasa mguu, sasa bega, akaviringisha shuka chafu, akasukuma safi, akamrudisha. Nikangoja kumcheka kwenye kona. Wapi! Mtu anayevalisha makochi kila siku, kona zake zilikuwa kali kuliko zangu. Nilizipapasa kwa kidole nikitafuta kosa.

"Amefaulu?" mama yake aliuliza.

"Kitanda amefaulu."

"Na mengine?"

Nikachukua vitu vyangu nikambusu mama yule mkononi, akanikubalia. Nikatoka sebuleni. Fundi akanifuata, tukasimama pale mlangoni tulipokuwa asubuhi, safari hii hakuna aliyeshika mkono wa mwenzake.

"Mama ni wangu," akasema. "Nitamgeuza mwenyewe, mpaka asimame. Nikichoka nitatafuta mtu nimlipe. Wewe hutakuwa huyo mtu."

"Sawa."

"Naweza kukuuliza upya?"

Moyo wangu ulikuwa unapiga kelele, uliza, uliza. "Kuuliza si ujinga," nikasema.

Akafuta mikono kwenye suruali. Akasogea mpaka niweze kuona macho yake bila kunyanyua shingo. "Mimi ni fundi makochi. Nina mama mgonjwa na sina maneno mengi. Nakupenda wewe, hata ungekuwa muuza vocha. Nataka kukuoa. Unaniruhusu?"

Jamani, nilimpenda. Nilimpenda kiasi kwamba neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini niliona sebule ile, na kile chumba nyuma yake, na mwanamke mwingine aliyewahi kuwa na mikono mizuri.

"Sitaki," nikasema.

Nikamtazama. Zamani angecheka. Zamani angenivuta akasema acha utani, kidogo tu, tutaelewana mbele ya safari. Uso ulimbadilika, niliona jinsi neno lile lilivyomchoma. Mikono yake, iliyokuwa imeanza kuinuka, akairudisha chini.

"Sawa," akasema. "Sikulazimishi."

Akatazama huku na huku, akakiona kile kistuli kilichomwangusha mama yake, kimesukumwa nyuma ya mlango. Akakileta, akakitikisa kuona kama kimesimama, akakichomekea kipande cha kadibodi chini ya mguu mfupi, akakitikisa tena. Kisha akakaa sakafuni mbele yake.

"Kaa hapa," akaniambia. "Uniambie panapouma."

Nikakaa. Nikaanza mwanzo kabisa, kwenye ile siku ya mikono salama.

"Bi Glavu!" mama yake akaita kutoka chumbani. "Huyo amefaulu?"

Sikumjibu. Nilikuwa bado naeleza, naye alikuwa bado anasikiliza.